Kicheko Kilichochelewa

Siagi haijatengenezwa humu tangu mwaka wa mafuriko,
lakini mvua ikinyesha kuta bado hutoa harufu ya maziwa,
nasi huketi ndani yake, tukiganda polepole kama mtindi.
Huku Otaripo, kusini kabisa mwa Nyuzilandi,
Julai haina huruma.
Viti arobaini na vinane vya shule, kimoja kina mguu mfupi.
Hita moja ya gesi, inayowapenda wa safu ya mbele tu.
Jukwaa tulilipigilia wenyewe kwa mbao za zizi la Haldane;
ubao wa tatu, ukiukanyaga, hulia kama mbuzi.

Mimi ndiye wa mlangoni. Nagonga watu muhuri mkononi,
muhuri wa maktaba waliyoifunga:
RUDISHA KABLA YA, na tarehe imekwama Machi,
mwaka nisiopenda kuutaja.
Usiku huu nimegonga thelathini na saba.
Thelathini na nane, ukimhesabu mbwa wa Ngaire.

Walianza mabinti wa Tipoki: fidla, gita,
na besi iliyoletwa juu ya trela la nyasi, turubai likivuja.
Walikaza nyuzi muda mrefu
hata Bi Oriel akapiga makofi akidhani ndio wimbo.
Kisha wakapiga kweli.
Sina la kueleza hapo. Najua mabati yalinyamaza,
au mimi niliacha kuyasikia,
na chai ikanipolea mkononi sijaionja.

Akapanda Desmond Crombie,
yeye apandishaye ng'ombe wa wilaya nzima
kwa mrija, na glavu inayofika begani.
Ubao wa tatu ukalia. Hakuna aliyecheka.
"Miezi sita nimewafanyia ng'ombe mazoezi ya mizaha hii,"
alisema, "na hata mmoja hakuondoka."
Kimya.
Wa pili, wa mkewe na friza. Kimya.
Wa tatu, wa padri. Padri alikuwepo.
Kimya kikanenepa, kikavuta kiti, kikakaa.
Nikatazama viatu vyangu.
Aibu ya mwenzio ni masizi: ukisimama karibu, nawe yatakupaka.

Ndipo kutoka safu ya nyuma: Ha!
Moja tu, kavu, kama bawaba ya ghala lenye kutu.
Mzee Ivor Kinraid, ambaye kifaa chake cha sikioni
humletea maneno kwa mafungu,
ndiyo kwanza alikuwa amefika kwa ng'ombe.
Ha! Sasa ameipata friza.
Alipomfikia padri alijishika mbavu,
akacheka peke yake kule gizani, mzaha baada ya mzaha,
kama mtu anayefungua kwa siku moja barua za mwezi mzima.
Tukamcheka yeye. Kisha tukacheka naye.
Kisha hatukujua tena tunacheka nini.
Padri alifuta machozi kwa kofia yake.
Bi Oriel meno ya bandia yalimtoka, akayadaka hewani,
na hilo nalo likapigiwa makofi.
Crombie alisimama katikati ya zogo lile, karatasi mkononi,
kama aliyegonga mlango mmoja, ikafunguka nyumba nzima.

Tangu auze ng'ombe wake wote, mia mbili na kumi, asubuhi moja,
Kinraid alikuwa akija, anakaa, anaondoka.
Hilo sikumwambia mtu.
Alipopita mlangoni niliuona muhuri wangu
juu ya ngozi yake nyembamba, wino umeenea kwenye mishipa:
rudisha.

Bahati nasibu, mzigo wa kuni kavu, alishinda mbwa,
maana Ngaire alikata tiketi kwa jina lake.
Nikahesabu kisanduku. Gesi imelipwa.
Umeme, nusu. Paa lisubiri.
Crombie alibaki kukunja viti, hasemi neno,
akakunja ishirini, akakunja thelathini, akasimama.
"Ule wa friza," akaniuliza, "ulikuwa mzuri, au?"
Nikazima hita.
"Waulize ng'ombe," nikasema.